Namna ya Kuendelea Kucheza Kriketi Unapohitimu Chuo na Kuhamia Ugenini

Nimewaona wachezaji hodari waliotutangulia chuoni wakiuacha mchezo mwaka uleule waliohitimu, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba ni kazi iliyowatenga nao. Zamu yangu ya kuondoka ilipofika ndipo nilipoielewa sababu yenyewe. Chuoni hatukuwa tukiutafuta mchezo. Mchezo ndio uliotutafuta. Palikuwa na mtu aliyekwisha kuomba uwanja, mwingine alikwisha kupanga kikosi, chumba cha vifaa kilikuwa na pedi na magongo ya kuazima, nasi tulibakiwa na kazi moja tu ya kuamka na kwenda. Siku unayorudisha ufunguo wa bweni, mpangilio huo wote unabaki nyuma yako, na kama hujatayarisha mwingine wa kukupokea uendako, mapenzi yako kwa mchezo hayatadumu miezi mingi bila mahali pa kushika.

Mwongozo huu ni kwa anayemaliza masomo, anahamia mji au nchi nyingine, na hataki kriketi iishie kwenye picha ya kikosi ya mwaka wa mwisho. Mengi niliyoyaandika humu niliyafanya kwa wakati wake, na machache niliyajua nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Kabla hujafunga mizigo

Anza kwa kuujua msimu wa kule unakokwenda, kwa maana kriketi hufuata jua na ukavu wa ardhi. Uingereza, klabu hucheza nje kuanzia Aprili hadi Septemba. Australia na Afrika Kusini, msimu mkuu huanza karibu na Oktoba na kumalizika karibu na Machi, kwa sababu majira ya joto ya kusini mwa dunia huja wakati kaskazini kuna baridi. Anayesafiri Septemba kwenda London atafika wakati wiketi (vijiti vitatu anavyovilenga mrushaji) zinang'olewa na nyasi zinaachwa zipumzike, ilhali anayesafiri mwezi huohuo kwenda Melbourne atakuta watu ndio kwanza wanarudi mazoezini. Ikiwa tarehe ya safari iko mikononi mwako, hilo ni jambo la kulipima. Ikiwa haiko mikononi mwako, andikia klabu mapema hata kama utafika nje ya msimu. Klabu nyingi za Uingereza, kwa mfano, hufanya mazoezi ya neti (kupiga na kurusha ndani ya nyavu) ukumbini katika miezi ya mwisho ya baridi, na hapo ndipo nahodha huhesabu watu atakaowategemea. Anayejitambulisha Februari huingizwa kwenye hesabu hiyo, na anayejitambulisha Julai husubiri mtu aumie.

Barua yenyewe iwe fupi na ya kweli. Taja umri wako, nafasi unayocheza, kiwango ulichochezea, siku ambazo huna shughuli, na kama una vifaa vyako. Ili niandike barua ya namna hiyo nililazimika kukaa jioni mbili na kitabu cha alama cha timu yetu, nikinakili kila mechi niliyocheza katika misimu mitatu. Siku zote nilijihesabu kuwa mpigaji wa nafasi za juu, yaani miongoni mwa wanaotangulia kupiga. Nilipojumlisha, nilikuta kwamba mchango wangu mkubwa ulikuwa katika kurusha mipira ya kuzungusha katikati ya zamu ya wapinzani ya kupiga, kwa mikimbio (yaani pointi) michache kwa kila ova, yaani kila mipira sita, na kwamba nafasi ya juu nilikuwa nimeizoea tu kwa kuwa chuoni hakukuwa na mwingine. Nakushauri ufanye hesabu hiyo kabla ya kuondoka, maana kitabu kile hutakiona tena, na klabu ngeni inahitaji kujua unachoweza kufanya.

Vifaa, na hasa gongo

Huna haja ya kubeba kila kitu. Klabu nyingi zina begi la pamoja lenye pedi na hata magongo, kwa hiyo mgeni anaweza kuvikosa hivyo kwa wiki za mwanzo. Visivyoazimika ni vile vinavyokaa mwilini: glavu, kinga ya kinena, viatu na helmeti. Viatu viwe jozi mbili ukiweza, moja yenye spaiki kwa kiwanja cha nyasi na moja yenye soli ya mpira kwa kiwanja cha mkeka au zulia la plastiki, kwani spaiki za chuma huchana mkeka na hutaruhusiwa kucheza nazo hapo. Helmeti iwe iliyotimiza kiwango cha BS 7928:2013, na ikiwa imewahi kupigwa na mpira kwa nguvu, iache nyuma ununue nyingine hata kama huoni ufa.

Katika safari za ndege gongo huhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kutumiwa kama silaha, kwa hiyo usijaribu kuingia nalo kabini. Liweke kwenye mzigo wa kusafirishwa chini. Lilaze katikati ya pedi mbili zilizofungwa kwa mikanda yake, ujaze soksi ndani ya helmeti ili isipondeke, kisha uiegemeze upande wa mpini na si upande wa ncha ya chini, kwa kuwa ncha ndiyo sehemu dhaifu ya gongo lote.

Hapa sina budi kukaa kidogo, maana udhaifu huo wa ncha niliujifunza kwa hasara. Nilipohitimu nilipewa gongo jipya, na kwa furaha nikaingia nalo kwenye neti kesho yake, dhidi ya mpira mpya. Mpira wa tatu au wa nne ulikuwa wa kasi, ukagonga ncha ya gongo karibu na miguu yangu, na nikausikia mlio mkavu usiofanana na mlio wa mpira uliopigwa vizuri. Nilipoligeuza, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye ncha na kupanda kiasi cha kidole kimoja. Kiwiko cha mpigaji huvumilia makosa mengi, lakini mbao haivumilii hilo.

Gongo hutengenezwa kwa mbao ya mwerebi, mti mwepesi upendao kuota kandokando ya maji, na wepesi huohuo ndio unaoufanya uso wake kuwa laini kabla haujakazwa. Mpira wa ngozi una uzito wa kati ya gramu 155.9 na 163, nao ukija kwa kasi kwenye mbao ambayo nyuzi zake hazijabanwa, hupasua pale ambapo ungepaswa kuruka. Kwa hiyo kwanza angalia kama uso una utando wa plastiki. Kama hauna, paka mafuta ya kitani, tone kwa tone, kwa kitambaa, kwenye uso, kingo na ncha, lakini usipake pale mpini ulipounganishwa na mbao, kwa sababu mafuta yanaweza kulegeza gundi. Lilaze gongo likitazama juu mpaka siku ya pili. Kisha chukua nyundo ya mbao iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na uanze kugonga uso taratibu, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, kwa vipindi vifupi vitakavyofikia saa kadhaa kwa jumla. Kingo zigongwe kwa pembe, mpaka zipoteze ukali wake na kuwa duara kidogo. Ukisikia mlio ukibadilika kutoka kwenye ubutu na kuwa wa wazi zaidi, na mpira uliochakaa ukiugonga uso bila kuacha alama ya mshono wake, gongo limeiva. Ni kazi ya kuchosha, na majirani huisikia, lakini katika wiki za mwisho za chuo, wakati mitihani imekwisha na huna la kufanya jioni, hakuna kazi iliyo bora zaidi.

Ukifika unakokwenda, usiliache gongo kwenye buti la gari lenye joto wala karibu na kipasha joto cha chumba, maana mbao iliyokauka kupita kiasi huvunjika kirahisi. Na lisikae mahali penye unyevu likisimama kwa ncha yake.

Kuingia klabuni kwa mlango ulio wazi

Wageni wengi huenda klabuni wakiomba kupiga au kurusha. Nafasi hizo zina wenyewe, na ni haki yao, kwa sababu walikuwapo wakati wa kuviringisha kiwanja na kubeba maturubai ya kukinga mvua. Lakini kuna nafasi moja ambayo karibu kila timu huihangaikia asubuhi ya mechi, nayo ni ya mtunza alama. Sheria za mchezo zinataka watunza alama wawili, na katika ligi za chini kitabu huzungushwa kati ya wapigaji wanaosubiri zamu, kila mmoja akiandika kwa mwandiko wake na kusahau anachokiandika jina lake linapoitwa. Mtu anayejua kuandika kitabu vizuri hupokewa hata kama hajulikani kabisa.

Ufundi wenyewe unaweza kuupata katika mechi mbili au tatu za chuo kabla hujaondoka. Kila mpira una alama yake ndani ya kisanduku cha ova: nukta kwa mpira usioleta mkimbio, tarakimu kwa mikimbio iliyopigwa, msalaba kwa waidi (mpira uliopita mbali mno na mpigaji), duara kwa noboli (mpira uliorushwa kinyume cha sheria), pembetatu iliyosimama kwa bai (mkimbio bila mpira kugusa gongo wala mwili) na pembetatu iliyopinduliwa kwa legi-bai (mkimbio baada ya mpira kugusa mwili wa mpigaji). Ova ikiisha bila mrushaji kutoa mkimbio wowote, nukta sita huunganishwa kwa mistari mpaka zitengeneze herufi M, na ikiwa wiketi imeanguka ndani yake, yaani mpigaji ametolewa, huunganishwa kuwa W. Mwamuzi akitoa ishara, inua mkono umjibu, kwani sheria zinamtaka asubiri jibu lako kwa kila ishara kabla ya kuruhusu mchezo uendelee. Kila ova inapokwisha, linganisha jumla yako na ya mwenzako wa timu pinzani kwa sauti. Kosa la mkimbio mmoja ukiligundua ndani ya ova mbili hurekebishwa kwa penseli. Ukiligundua mwishoni mwa mechi huzua ugomvi.

Faida ya pili ya kiti kile ni kwamba unawajua watu wote kabla hawajakujua wewe. Kufikia mechi ya pili nilikuwa ninajua majina kumi na moja, nani hupiga mipira ya upande wa mguu kwa kuinua, nani hukimbia vibaya kati ya wiketi, na nani huchoka baada ya ova nne. Mechi ya tatu mtu mmoja hakutokea. Nahodha alinigeukia na kuniuliza kama nina viatu.

Kukisoma kiwanja kigeni

Umbali kati ya wiketi na wiketi ni mita 20.12 popote uendako, na karibu kila kitu kingine kinabadilika. Katika mechi za Testi, zile ndefu za siku kadhaa kati ya timu za taifa, Australia hutumia mpira wa Kookaburra, Uingereza hutumia Dukes na India hutumia SG, na utaiona tofauti hiyo hata kwenye klabu. Mshono wa Dukes umeinuka na hudumu, kwa hiyo mpira hupinda hewani na kuchepuka chini kwa muda mrefu zaidi. Mshono wa Kookaburra hulala mapema, na baada ya hapo mpigaji mvumilivu hupata raha. Ardhi ngumu huurusha mpira juu kifuani, na ardhi kavu yenye vumbi huushika na kuuzungusha. Hata uwanja wenyewe unaweza kuwa na tabia yake: pale Lord's, uwanja maarufu wa London, ardhi imeinama kwa takriban mita 2.5 kutoka upande mmoja hadi mwingine, na wageni wenye uzoefu mkubwa hupata taabu ya kusimama wima mbele ya mrushaji. Kwa hiyo katika ova zako za kwanza ugenini, ungoje mpira ukufikie na uucheze karibu na mwili, na usiuamini urefu (mahali mpira unapodunda) ulioujua nyumbani.

Pasipo na klabu

Usiharakishe kusema kwamba kule uendako hakuna kriketi. Mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ilichezwa New York mwaka 1844, kati ya Marekani na Kanada, na tangu mwaka 2019 mechi za ova 20 za timu za taifa za wanaume za nchi zote wanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi zina hadhi ya kimataifa. Popote palipo na wafanyakazi au wanafunzi kutoka India, Pakistan, Sri Lanka au Bangladesh, huenda kuna kundi linalokutana siku ya mapumziko kwenye maegesho ya magari au uwanja wa shule. Wengi wao hutumia mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme, ambao huenda kasi na hupinda, wala hauhitaji pedi. Simama pembeni, rudisha mpira unaotoka nje, na baada ya muda utaulizwa jina lako.

Ukishacheza mara ya kwanza, iwe ni kwenye nyasi au kwenye lami, tafuta anayetunza orodha ya wachezaji wa wiki na umpe namba yako mwenyewe, bila kungoja kuombwa. Na kabla hujavua viatu, mwambie nahodha kama Jumamosi ijayo utakuwapo au hutakuwapo.