Bonde la Ruaha Mkuu kutoka Dodoma: treni kwanza, boti mwisho

Mzunguko huu unakula siku tatu na usiku mbili. Unatoka Dodoma kwa SGR, treni ya reli ya kisasa, hadi Morogoro, unachukua gari kupitia Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga na Iringa, unateremka hadi bwawa la Mtera kulala, na asubuhi ya siku ya tatu unaingia bwawani kwa boti. Mchana umeshafika nyumbani.

Wengi huipanga kinyume, yaani Mtera kwanza kwa sababu ndiko karibu, kisha Iringa, na treni ya kuwarudisha. Inawezekana, ila treni ndiyo kipande pekee cha safari hii kisichosubiri mtu. Lori likilala katikati ya Kitonga kwa saa nne, tiketi yako imekwenda na maji. Ukiipanda treni siku ya kwanza, chochote kitakachochelewa baadaye kinachelewesha chakula tu. Halafu kuna suala la mizigo. Njia hii inapita kwenye vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula na samaki wa Mtera, na ni nadra mtu kuipita mikono mitupu. Kambale mkavu anavumilika kwenye buti la gari. Ndani ya behewa lenye kiyoyozi ni ugomvi.

Swali la gari lijibiwe kabla ya kukata tiketi

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Ukipanda treni, gari lako linabaki Dodoma, nawe unalihitaji Morogoro. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kukodi gari Morogoro pamoja na dereva, na mkubaliane mapema nani analipa mafuta ya dereva kurudi kwao, kwani Dodoma hadi Morogoro ni kilomita kama 260. Ya pili ni kumpa ndugu au dereva unayemwamini gari lako alitangulize jioni ya kuamkia safari, alale Morogoro na kuwapokea stesheni. Ya tatu ni mabasi: stendi ya Msamvu, Morogoro, hadi Iringa, kisha siku ya pili basi la Dodoma kutoka stendi ya Igumbilo, mnashukia Mtera. Ni rahisi kwa watu wawili, lakini hamtasimama mnapotaka, na nusu ya raha ya bonde hili ni kusimama.

Hesabu ya mafuta: Morogoro–Iringa kilomita kama 310, Iringa–Mtera–Dodoma kama 260, jumla 570. Ongeza 260 za kulipeleka gari Morogoro au kumrudisha dereva, unapata 830. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 83. Andaa 95, kwa sababu kuna milima miwili njiani na mtakuwa mmejaza watu.

Msimu nao una neno lake. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Mwishoni mwa Mei hadi Julai ndio muda mzuri: bwawa limeshapokea maji yake na mvua zimekatika. Oktoba na Novemba joto la bonde la mibuyu halina mchezo, na maji ya Mtera yamerudi nyuma.

Siku ya kwanza: reli, kisha kupanda

Kata tiketi ya treni ya asubuhi, itakayokufikisha Morogoro kabla ya saa 4. Safari yenyewe ni kama saa mbili. Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho, na kila mtu mzima abebe cha kwake. Kuna kosa dogo linalowaacha watu: tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Ikisema 06:00 ni saa 12 asubuhi. Ikisema 12:00 ni saa 6 mchana. Andika saa ya Kiswahili kwa kalamu pembeni, hasa kama unasafiri na wazee. Na mwambie bodaboda au teksi "stesheni ya SGR", maana ukisema stesheni tu unaweza kushushwa kwenye reli ya zamani.

Usilale kati ya Gulwe na Kilosa. Reli hapo inafuata bonde la Kinyasungwe, mto unaotoka huku kwetu Dodoma na mbele kuitwa Mkondoa, ambao maji yake huishia mto Wami. Si Ruaha bado, ni bonde jirani. Reli ya zamani imesombwa na mafuriko mara nyingi kwenye kipande hiki, na ukiangalia jinsi mto ulivyobanwa na milima utaona sababu. SGR inapita kwenye mahandaki manne yenye jumla ya kilomita 2.6, kwa hiyo kama una simu ya kupiga, ipige kabla ya Kilosa.

Stesheni ya SGR Morogoro iko Kihonda. Dereva akusubiri hapo, si Msamvu. Muwe barabarani kabla ya saa 5.

Barabara inakata Hifadhi ya Taifa Mikumi kwa kilomita kama 50. Kupita ni bure, kuvuka kilomita 70 kwa saa si bure, na faini za kugonga wanyama zimebandikwa kwa dola kwenye mabango. Ipite mchana. Msiwarushie nyani ndizi: nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani, na huyo ndiye gari la nyuma yenu litamgonga.

Ukishapita mji wa Mikumi, Ruaha Mkuu unakuja kukaa kando ya barabara. Huu ndio mto wenyewe. Maji unayoyaona yameshapita kwenye mitambo ya Mtera yenye uwezo wa megawati 80, na yanateremka kwenda Kidatu yenye megawati 204. Mtera ilijengwa hasa iwe ghala la Kidatu: maji yanahifadhiwa juu masika, yanaachiwa chini kiangazi. Ndiyo maana hapa mto una maji hata miezi ambayo juu kule, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, umekauka. Ukaukaji huo umekuwa wa kila mwaka tangu 1993, na kilimo cha umwagiliaji cha bonde la Usangu, huko juu ya mto, kina sehemu kubwa katika hilo. Simameni Ruaha Mbuyuni mle na kunyoosha miguu. Vitunguu chagueni vyenye shingo iliyokauka na kufunga. Chenye shingo mbichi kitaoza kabla ya wiki mbili, hata kama ni kikubwa cha kuvutia.

Kisha Kitonga. Kwa upande huu mnapanda, jambo ambalo ni afadhali kwa breki na baya kwa injini. Kagueni maji ya rejeta Ruaha Mbuyuni injini ikiwa imepoa. Zimeni kiyoyozi mlima ukianza, mkae gia ya pili au ya tatu, na muache nafasi ya magari mawili nyuma ya lori, kwa sababu lori lililopakia linaweza kurudi nyuma kidogo linapobadilisha gia. Jicho liwe kwenye mshale wa joto. Ukianza kupanda, tafuta mahali pana usimame kabla gari halijachemsha. Likishachemsha, usiguse kifuniko cha rejeta kwa nusu saa nzima, maana maji yaliyo kwenye mgandamizo huruka usoni. Matawi mabichi yaliyolazwa barabarani maana yake mbele kuna gari limekufa. Punguza hapo hapo, usingoje kuliona.

Iringa mtaingia kama saa 11 jioni. Kuna baridi, beba sweta.

Siku ya pili: polepole

Jazeni tangi Iringa, mtoe na fedha taslimu za noti ndogo. Asubuhi inatosha kwenda Isimila, kilomita kama 20 nje ya mji kwenye barabara ya Mbeya, penye nguzo za udongo na zana za mawe za kale. Baada ya chakula cha mchana shikeni barabara ya Dodoma. Mlima Nyang'oro mnaushuka, kwa hiyo sasa zamu ni ya breki: chagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, gusa breki na kuachia, usiikanyage mfululizo. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imelainika, simama zipoe. Chini ya mlima hewa inabadilika ghafla na mibuyu inarudi. Lengo ni kufika Migori au Mtera saa 10 jioni, mkiwa na mwanga wa kutafuta boti.

Kuikagua boti jioni, kuipanda asubuhi

Usikubaliane na boti usiyoiona. Anzieni kwa uongozi wa kijiji au BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, yaani mahali boti zinapoegeshwa), waulizeni nani ana chombo kilichosajiliwa na kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini, kwa kubeba abiria. Mtumbwi wa kuvulia ni wa kuvulia. Angalieni sakafu: maji kidogo ni kawaida ya mbao, ila yakifika kwenye vifundo vya miguu na boti imekaa tu, ondokeni. Ulizeni kopo la kukumbia maji liko wapi. Jaketi okozi liwe moja kwa kila kichwa, kamba zake zifunge kweli, na la mtoto liwe la mtoto. La mtu mzima humchomoka akianguka majini.

Injini nyingi ndogo za mipigo miwili hutumia petroli iliyochanganywa na oili kwa 50 kwa 1, yaani mililita 200 za oili kwa lita 10. Oili ikipungua injini inakwama, ikizidi inatoa moshi na plagi inachafuka. Kanuni ya mafuta ni theluthi tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Na mwambie nahodha abebe koleo la fundi (plaizi) na pini mbili za akiba za pangaboi la injini. Sababu ni visiki. Bwawa lilipojazwa, miti iliachwa humo, na mikavu mingi bado imesimama, mingine ikiwa imejificha kiganja kimoja chini ya maji. Pangaboi likigonga kisiki, pini ndiyo inayokatika ili gia zipone. Utasikia injini inavuma sana na boti haisogei. Mwenye pini anaondoka baada ya dakika kumi, asiye nayo anapiga kasia.

Ulizeni pia boti itapakilia wapi. Maji ya Mtera yakijaa husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5 tu, lakini ardhi ni bapa, hivyo maji yakishuka mita moja ukingo hukimbia mbali na kuacha tope la kuzama magotini. Mwalo wa Juni si mwalo wa Novemba.

Muda mzuri wa kuondoka ni saa 1 asubuhi. Mapema zaidi mtakutana na viboko wanaorudi majini kutoka malishoni, na kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi kwenye kina ndiye hatari. Mkiwakuta wameshaingia majini, nahodha apite upande wa maji mafupi polepole, injini isikike, wala asizime kabisa ili mpige picha. Mikono ibaki ndani ya boti, kwani mamba wapo. Nahodha akishawasha, tazama nyuma ya injini: panapaswa kuruka kijito chembamba cha maji ya kupoza. Kisiporuka ndani ya dakika moja, izimwe. Tope au majani yameziba.

Saa mbili majini zinatosha kwa ndege, miti mikavu na wavuvi wanaopandisha nyavu. Saa 4 upepo huanza kuamka, na kwenye bwawa pana lenye maji mafupi mawimbi huwa mafupi na makali, hupiga boti ubavuni. Kaeni mbali na ukuta wa bwawa na milango ya maji, na picha za mitambo msipige. Ndoano nayo ina leseni yake ya uvuvi, msidhani ni mchezo.

Samaki nunueni mkishatoka majini. Perege mbichi awe na jicho lililojaa na mashavu mekundu ndani, nyama ikibonyezwa irudi. Atolewe matumbo pale pale, apangwe kwenye barafu kwa tabaka, maji ya barafu yawe na pa kutokea. Barafu njooni nayo kutoka Iringa kwenye boksi lenye kifuniko. Kutoka hapo ni kilomita kama 130 hadi Dodoma kupitia Chipogolo, Fufu na Mlowa. Vijijini mwendo ni 50, na tochi za trafiki hazijali kama una samaki wanaoyeyuka barafu.