Kabla hujajaza diski ya kurekodia, ijaribu kwanza

Jamani mnaorekodi vipindi kwenye dikoda au TV, kabla hujakusanya vitu vya mwaka mzima humo rekodi dakika tano tu, chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta uone. Mara nyingi itakwambia uifomati, usikubali! ukikubali ndo kwaheri. Diski sio mbovu, ni kwamba imepangwa kwa mfumo ambao Windows haiusomi, na faili zenyewe mara nyingi zimefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya dikoda au TV yenyewe, bodi ikiungua hata ukinunua kingine cha aina ileile hakizisomi, na dikoda zingine kifurushi kikiisha tu hata ulivyorekodi mwenyewe havifunguki (hii ndo inaniudhi kuliko zote). Na usichomeke diski yenye vitu vyako, TV nyingi zinaifuta kwanza.

Kwa chaneli za bure tafuta tyuna ya USB (kifaa kidogo cha kupokea mawimbi ya TV), antena unaichomeka kwake na yenyewe kwenye kompyuta, inakutolea faili la kawaida la .ts ambalo programu ya VLC inacheza bila maswali. Ukitaka liwe MKV (aina nyingine ya faili la video) usilikonveti upya, lipitishe tu kwenye programu ya MKVToolNix, picha inabaki vilevile. Kopi ya pili weka diski nyingine kabisa.