Ukinunua maziwa ya ngamia Nakuru, fanya hivi

Wiki haipiti bila mteja kunirudishia chupa. Anaishika kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya, anaiweka mezani, anasema, "Mama Guyo, maziwa yako yameungua." Hayajaungua. Hiyo ni harufu ya moshi, na imetiwa makusudi na watu wanaojua wanachofanya. Mwingine alinipigia simu saa nne usiku: maziwa yako kwenye sufuria tangu jana, anangoja yagande yawe mala mazito ya kuchota kwa kijiko. Kama sikushika simu ile, angekuwa anangoja mpaka leo.

Mimi ni mzaliwa wa Kakamega, nimelelewa na maziwa ya ng'ombe wa kufungwa nyuma ya nyumba na kukatiwa majani. Nikaolewa na mtu wa Kalacha, pembeni mwa jangwa la Chalbi kule Marsabit, nikakaa huko miaka minne kabla ya kazi ya mzee kutuleta hapa. Makosa haya yote niliyafanya mbele ya mama mkwe, kwa hiyo sicheki mtu. Sicheki sana. Mzizi wake ni mmoja: kumfanyia ngamia mambo ya ng'ombe.

Kuyapokea

Maziwa yangu hutoka upande wa Rumuruti. Alfajiri yanapanda gari hadi Nyahururu, yanahamishiwa matatu nyingine, na kufika saa tano yako steji hapa mjini, ndani ya jerikeni za manjano zilizokuwa za mafuta ya kupikia. Sizipendi jerikeni hizi. Mkono hauingii ndani, hivyo kona za chini hazisuguliki, na uchafu wa jana unangoja maziwa ya leo. Polepole nawabadilishia wakamuaji mikebe ya alumini yenye mdomo mpana. Wewe unayenunua, njoo na chombo ambacho mkono wako unaingia, na kiwe kikavu kabisa.

Kabla hujalipa, tazama. Maziwa ya ngamia ni meupe pe, hayana ile rangi ya siagi. Yakitikiswa yanatoa povu jingi. Yaonje: utamu kidogo, halafu chumvi nyuma ya ulimi. Chumvi hiyo inatokana na majani na maji ya alikolishwa, kwa hiyo maziwa ya mwezi huu si lazima yafanane na ya mwezi uliopita. Ukisikia uchachu ambao hukuambiwa, rudisha.

Watu wenye laktomita, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, sikilizeni. Nilinunua yangu nilipoanza biashara, nikagombana nayo mwezi mzima. Kwa maziwa ya ng'ombe unatarajia 28 kwenda juu. Ya ngamia yanaweza kukusomea 25 au 26 bila mtu kuyatia hata tone la maji. Tena wakati wa kiangazi, ngamia akikaa siku nyingi bila kunywa, maziwa yake huwa mepesi zaidi badala ya kuwa mazito. Ng'ombe mwenye kiu anakauka. Ngamia mwenye kiu anampa ndama wake maji ndani ya maziwa. Nilimwita mama mmoja mwizi kwa sababu ya kipimo kile, na ilinibidi nipande gari hadi Rumuruti kuomba radhi. Siku hizi laktomita naitumia kulinganisha mkamuaji yule yule na mwenyewe: aliyekuwa 28 wiki nzima akiteremka ghafla hadi 22, hapo tunaongea.

Moshi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kule Kalacha hakuna friji wala maji ya kuchezea. Chombo cha maziwa huoshwa kwa maji ya kikombe kimoja, halafu moto unamalizia. Moshi unakausha ndani, unaua vijidudu vya kuchachusha ovyo, na unatia ladha ambayo mtu aliyekulia kwayo akiikosa anasema maziwa hayana maisha. Majirani zangu Wakalenjin hawashangai, maana wao kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuchachusha, hukisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet. Wanaoshangaa ni sisi wa Kakamega na ndugu zetu wa Kisumu.

Tumia kibuyu au mkebe wa alumini. Plastiki hapana: mteja wangu wa mtaa wa Section 58 alitumbukiza kaa la moto kwenye jerikeni, likatoka na kitako. Chukua kijiti kikavu cha mgunga, unene wa kidole gumba, urefu wa kufika chini ya chombo. Usiokote mabaki ya mbao kwa seremala. Yana dawa na rangi, na vyote utavinywa. Washa ncha ya kijiti hadi iwake, kisha zima miali kwa kupuliza, ubaki na kijinga chekundu kinachofuka. Kitumbukize kwenye chombo kikavu, ziba mdomo kwa kifuniko au kiganja cha mkono wako, na utikise kwa kuzungusha, kaa ligonge kila upande. Utasikia joto likipita hadi nje. Mama mkwe alikuwa akiweka shavu lake kwenye kibuyu. Shavu likikataa, basi tosha. Toa kijinga, mwaga vipande vya mkaa, rudia mara mbili au tatu. Mwisho futa majivu kwa kitambaa safi kikavu, na funika moshi ubaki ndani hadi maziwa yafike.

Mara ya kwanza nilikiosha kibuyu baada ya kukifukiza, nikaona nimekuwa msafi kweli. Mama mkwe alikipokea, akanusa, akanitazama, akaniambia, "Mwanangu, umekioga." Akaanza upya bila neno lingine.

Chemsha

Najua utaambiwa kwamba ukiyachemsha unaua dawa iliyomo. Hata nyumbani kwa mume wangu wanasema hivyo. Mimi nachemsha, na sababu naibeba kwenye magoti yangu. Mwaka wa pili kule nilishikwa na homa ya kuja na kuondoka: jioni natetemeka, asubuhi nafua nguo kama kawaida. Kiuno kikauma, magoti yakauma, jasho la usiku likalowesha shuka. Zahanati moja ikanipa dawa za malaria, nikamaliza, homa ikarudi, ikanipa tena. Mahali pengine ndipo walipopima damu wakaniambia ni brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kupitia maziwa mabichi. Nilimeza vidonge wiki sita.

Basi sufuria safi, moto wa wastani, koroga. Yanapanda kwa povu haraka kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo chagua sufuria kubwa na usiende kupokea simu. Yakishapanda, punguza moto uyaache yachemke kama dakika tano. Utando wa juu utakuwa mwembamba. Usidhani umeibiwa malai. Mafuta yake yamo, ila yako katika chembe ndogo ndogo zisizopanda juu upesi. Ndiyo maana pia usijitese kutikisa chupa ukitafuta siagi. Utachoka mkono.

Maziwa mabichi ya ngamia hustahimili joto la njiani kuliko ya ng'ombe, ndiyo maana yanaweza kutoka Rumuruti hadi kwangu bila barafu. Lakini kustahimili si kutoharibika. Ukifika nyumbani, chemsha siku hiyo hiyo.

Chai na susa

Chai ni rahisi ila kwa jambo moja, tangawizi. Usiiponde mbichi ukaitupa ndani ya maziwa. Itayakata vipande vipande na utanilaumu mimi. Chemsha kwanza tangawizi kwenye maji pamoja na iliki, mdalasini na karafuu mbili, dakika kumi nzima, tia majani, ndipo umimine maziwa yaliyokwisha chemshwa. Sukari weka kidogo kuliko ulivyozoea, uonje kwanza.

Susa ni maziwa ya ngamia yaliyochachushwa. Yachemshe, yaache yapoe hadi uvuguvugu ambao kidole hakilalamiki, yamimine kwenye kibuyu kilichofukizwa, tia vijiko viwili vya susa ya zamani, na uweke mahali penye joto. Nakuru ina baridi, hasa Julai, kwa hiyo mimi nakivisha kibuyu sweta la Guyo la zamani na kukiweka karibu na jiko. Siku moja hadi mbili yatakuwa tayari. Tayari maana yake yamechacha, yana harufu ya moshi, na ni mepesi kama uji wa mgonjwa. Hayatashikana kama mala; protini yake haishikani hivyo, na kuyaongezea siku hakutasaidia. Tikisa, kunywa.

Mtu wa mara ya kwanza aanze na nusu kikombe. Akinywa lita nzima tumbo litamkimbiza, na yeye atasema nimemuuzia sumu. Wenye sukari nao huja kwangu kwa wingi, wamesikia kwamba haya ni dawa. Nawauzia kama chakula. Vidonge vya daktari usiviache kwa sababu ya chupa yangu.

Ukienda kwa wenyewe

Wateja wawili wameshaenda Marsabit kuona kazi inavyoanza, kwa hiyo nawaandikia na hili. Ngamia hakamuliwi bila ndama. Ndama anaachiwa anyonye kidogo mpaka mama atelemshe maziwa, ndipo mkamuaji anaingia haraka, kwa sababu maziwa hayateremki kwa muda mrefu. Dakika mbili hivi, basi. Shemeji yangu alisimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja, kisigino kimekaa juu ya goti, na chombo kimekaa juu ya paja. Mikono yote miwili ikafanya kazi. Chuchu ni nne: mbili za watu, mbili za ndama.

Kazi yangu ilikuwa kumshika ndama. Nikaona ananyonya vya kutosha, nikamvuta hadi nyuma ya boma, kama tunavyofanya na ndama wa ng'ombe kwetu. Ngamia akageuza shingo, hakumwona mtoto, akafunga maziwa yake. Shemeji alibaki na chombo chenye povu la kikombe kimoja. Hakunikemea. Alisema tu, "Shemeji, mrudishe aliponusa mama yake." Ndama asimame pale pale, bega kwa bega na mama, ananuswa. Usiku ule watoto walikunywa chai ya rangi, na mimi nikala kichwa kimeinama.

Jambo lingine: usiulize mwenyeji wako ana ngamia wangapi. Ni kama yeye aje kwako aulize una pesa ngapi benki. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4 nchini. Hiyo ni kazi ya serikali. Wewe uliza kama mvua imenyesha na kama ngamia wamekunywa. Ukibahatika kuwaona kisimani baada ya wiki ya kiu, simama ule muujiza kwa macho: mmoja anaweza kumaliza lita mia moja kwa dakika kumi hivi. Na hayo maji hayaendi kwenye nundu. Nundu ni mafuta, na ngamia aliyeona njaa ndefu nundu yake hulala ubavuni.

Na kumfuga Kisumu?

Swali hili naulizwa kila mwezi, na mara nyingi muulizaji ana kipande cha ardhi Ahero, kule kwenye tope la mashamba ya mpunga. Hapana. Nyayo zake ni pana na laini, zimeumbiwa mchanga. Kwenye tope atateleza avunje miguu. Nzi wanaouma wa mahali penye maji humletea surra, ugonjwa wa damu unaomkondesha hadi kufa. Anataka miti ya miiba na chumvi nyingi, na mimba yake ni kama miezi kumi na tatu, kwa mtoto mmoja. Ukitaka kumwona karibu, panda gari uende Baringo. Wapokot wa kule na wa West Pokot wamemwongeza kwenye mifugo yao kwa sababu ya ukame, na watakuonyesha.

Jerikeni huingia saa tano. Kufika saa nane huwa sina kitu isipokuwa susa, na Jumapili sifungui.