Kujibu Maswali ya Dharura katika Usaili wa Uhudumu wa Ndege

Kijana wa Mtwara au Lindi anayeitwa Dar es Salaam kwa usaili wa uhudumu wa ndege huwa amejiandaa vizuri kwa maswali ya ukarimu, mavazi na lugha, kisha anakwama pale msaili anapomuuliza angefanya nini moshi ukionekana ndani ya ndege. Anakwama kwa sababu anadhani anapimwa ujuzi ambao hajafundishwa. Mafunzo ya usalama hutolewa baada ya mtu kuajiriwa. Siku ya usaili hupimwa kama unaweza kupanga hatua kwa mfuatano ukiwa umebanwa, na kama uko tayari kufuata utaratibu.

Kwa hiyo jibu lako lianze na tendo la kwanza, lieleze sababu yake, kisha liseme nani anajulishwa. Kwa moto wa simu, kwa mfano, eleza kwamba utachukua kizima moto mara moja huku mwenzako akimjulisha kepteni, utawasogeza abiria walio karibu, na moto ukizimika utaimwagia betri maji ili ipoe, kwa kuwa joto lililobaki ndani yake linaweza kuuwasha tena. Wengi husahau kumtaja kepteni, na kosa hilo ni kubwa kuliko kusahau jina la kifaa.

Swali la ndege kutua majini lisikutishe, hasa wewe uliyekulia Mikindani au Kilwa. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa imetekwa iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, nchini Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Baadhi yao walikuwa wamejaza upepo jaketi zao za kuokolea wakiwa bado ndani, maji yalipoingia yakawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Aliyewahi kuogelea chini ya mashua anaelewa hilo bila kuchorewa. Sema kwamba utawaagiza abiria wavae jaketi lakini wasilijaze upepo mpaka wafike mlangoni, na utoe sababu hiyo.

Kuhusu barakoa za oksijeni, inatosha kusema kwamba utavaa yako kwanza, kwa sababu katika kimo cha futi 35,000 mtu anaweza kupoteza uwezo wa kutenda kabla dakika moja haijaisha.

Jambo linalowaangusha vijana wetu zaidi, kwa maoni yangu, ni adabu. Tumelelewa kutompandishia sauti mtu mzima, hivyo msailiwa akiulizwa atafanyaje abiria mzee aking'ang'ania begi lake wakati wa kutoka, hujibu kwamba atamwomba kwa upole. Jibu hilo halifai. Ndege kubwa za abiria, kabla ya kuidhinishwa, hutakiwa kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango, na begi moja njiani huharibu hesabu hiyo. Tarehe 2 Januari 2024, watu wote 379 waliokuwa katika ndege ya Japan Airlines iliyoungua uwanjani Haneda, Tokyo, walitoka wakiwa hai, wengi wao mikono mitupu. Mwambie msaili kwamba utatoa amri fupi kwa sauti kubwa: "Acha mizigo! Njoo huku! Ruka!" Kisha, akikuruhusu, itoe amri hiyo palepale. Shikamoo itasubiri hadi mzee awe nje.

Ukitakiwa kusimulia dharura uliyowahi kuikabili, usibuni kisa cha ndege, kwani swali la pili litakuumbua. Kama ulikuwa miongoni mwa abiria waliokwama barabara ya Kusini ilipokatika maeneo ya Somanga mwezi Mei 2024, au uliwahi kumtuliza mtu mwenye hofu katika kivuko cha Msangamkuu, simulia hilo: uliona nini, ulimwambia nani, ulifanya nini kwanza. Jizoeze kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mbele ya mtu aliyeshika saa; jibu likizidi dakika mbili, punguza maelezo ya mwanzo na uyabakize matendo.