Kipanya kimegoma kwenye Linux? Tafuta kwanza kilipokwama

Usikimbilie kuzima kompyuta. Ukiiwasha upya huenda kipanya kikafufuka, lakini hutajua kilichokisibu, na kesho kitagoma tena. Hatua hizi ni za Ubuntu na Linux Mint, na zote zinafanyika kwa kibodi.

1. Je, mfumo uko hai? Bonyeza Caps Lock. Taa ikibadilika, endelea. Isipobadilika, jaribu Ctrl+Alt+F3. Usipoletewa skrini nyeusi ya kuingilia, huenda kompyuta nzima imeganda na kipanya unakisingizia bure.

2. Chomoa, hamisha. Tumia tundu la USB la nyuma, lililoshikana na ubao mama wenyewe. Yale ya mbele hupitia waya wa ndani, nao hulegea. Kama kipanya hakina waya, badilisha betri, kisha tenganisha kipokezi chake na diski au flashi ya USB 3.0. Vifaa hivyo huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo vipanya vingi vya aina hii hutumia.

3. Sikiliza kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa. Hapa ndipo penye majibu mengi. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kwa Ctrl+Alt+T, andika:

`sudo dmesg -w`

Sasa chomoa kipanya na ukichomeke tena huku ukitazama. Kusipotokea mstari wowote, shuku tundu au waya. Ukiona `device descriptor read/64, error -71`, kifaa kimebisha hodi ila mazungumzo yamevurugika: mara nyingi ni waya mbovu au umeme hautoshi. Jina la kipanya likijitokeza, kerneli imekipokea. Toka kwa Ctrl+C.

4. Je, mwendo unafika?

`sudo apt install libinput-tools`
`sudo libinput debug-events`

Sogeza kipanya. Mistari ya `POINTER_MOTION` ikimiminika na kishale hakitikisiki, mwenye kosa ni mazingira ya eneo-kazi, yaani sehemu ya mfumo inayochora madirisha na kishale. Hifadhi kazi zako kwa Ctrl+S (Alt+Tab itakuhamisha dirisha hadi dirisha), halafu:

`sudo systemctl restart display-manager`

Amri hii hufunga programu zote, ndiyo maana nasisitiza kuhifadhi.

Mistari hiyo isipotokea kabisa, pakia upya kiendeshi (programu inayokiunganisha kipanya na mfumo):

`sudo modprobe -r usbhid; sudo modprobe usbhid`

Ziandike kwenye mstari mmoja! Kibodi ya USB nayo hutegemea kiendeshi hicho. Ukiandika ya kwanza peke yake, hutakuwa na cha kuandikia ya pili.

5. Kinasinzia kila ukikiacha? Linux inaweza kulaza kifaa cha USB kisichotumika, na muda wa kawaida ni sekunde 2. Fungua `/etc/default/grub` kwa `sudo nano`, ongeza `usbcore.autosuspend=-1` ndani ya alama za nukuu za `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya. Kwenye kompyuta ya mezani sioni hasara yake. Kwenye laptopu betri itaisha mapema kidogo.

Kama ugomvi ulianza baada ya kusasisha mfumo, chagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka. Kipanya kikifanya kazi hapo, baki nayo hadi sasisho linalofuata.