Kukifunga Kifaa cha GPS cha Mkononi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoka

Kifaa cha GPS cha mkononi kinachobebwa porini, mlimani au majini kinahitaji kushikiliwa na vitu viwili visivyotegemeana: kishikizo, ambacho kazi yake ni kukituliza mahali pake wakati mtu anatembea, na ugwe wa usalama, ambao kazi yake huanza pale kishikizo kinapoachia. Wengi huviunganisha viwili hivyo, yaani hufunga ugwe kwenye klipu ileile inayobeba kifaa, kisha klipu ikivunjika, kifaa huenda zake na ugwe hubaki ukining'inia pamoja na kipande cha klipu. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kamba, tafuta kwanza mahali pa kufungia palipo kwenye gamba la kifaa chenyewe.

Vifaa vingi vina tundu au kiupau kidogo cha kupitishia ugwe, na inafaa kuchunguza kwa makini kipo upande gani. Kikiwa kwenye kifuniko cha betri, au kikiwa ndiyo pete inayozungushwa ili kufungua kifuniko hicho, basi siku kifuniko kitakapofunguka kwa bahati mbaya utabaki umekishika chenyewe tu. Hapo ni afadhali kununua mfuko wa mpira unaokikumbatia kifaa chote na kufunga ugwe kwenye mfuko huo. Uzito si tatizo kubwa, kwa kuwa vifaa vingi vya aina hii, pamoja na betri zake, huwa kati ya gramu 150 na 250 hivi, na ugwe wa nailoni wenye unene wa milimita 2 unaubeba bila shida. Kinachouharibu ugwe ni kingo kali za tundu na mafundo yaliyofungwa ovyo. Njia rahisi ni kutengeneza kitanzi, kukipenyeza tunduni, kisha kupitisha sehemu yote ya ugwe iliyobaki ndani ya kitanzi hicho na kuivuta ikaze. Ncha za nailoni ziunguzwe kidogo kwa moto zisifumuke, na kila fundo liachiwe mkia wa sentimita chache, maana nailoni laini huteleza.

Upande wa pili wa ugwe ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi. Mkanda wa bega wa begi la mgongoni, kwenye usawa wa kifua, ni mahali pazuri kwa sababu mkono hufika upesi na antena huiona sehemu kubwa ya anga. Lakini begi huvuliwa, na mtu akienda kando hatua chache kutafuta njia au kujisaidia, kifaa anachokihitaji ili arudi kinabaki kwenye begi. Mkanda wa kiunoni haubaki nyuma, ila hapo mwili huziba karibu nusu ya anga. Mawimbi ya setilaiti za GPS, zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya dunia, hufika ardhini yakiwa dhaifu sana, na mwili wa binadamu, uliojaa maji, huyafyonza kwa urahisi. Kwa maoni yangu mpangilio unaofaa kwa safari nyingi za miguu ni kishikizo kwenye mkanda wa bega na ugwe kwenye nguo au mkanda wa suruali, hata kama itabidi kuufungua kila unapovua begi. Usumbufu huo mdogo ndio unaokukumbusha kukichukua kifaa.

Kukivaa shingoni ni rahisi, na ndiyo sababu kunapendwa. Penye vichaka, matawi au mahali pa kupanda, ugwe wa shingoni unaweza kunasa na kumkaba mtu, kwa hiyo lazima uwe na kiungo kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Kiungo hicho kikiachia, kifaa nacho kimeanguka. Anayeshika njia hii akubali mapema kwamba ameamua kuokoa shingo kabla ya kifaa, jambo ambalo ni la haki kabisa.

Urefu upimwe ukiwa umevaa mavazi yote ya safari. Nyoosha mkono mpaka mahali unaposomea kioo, ongeza upana wa kiganja, kisha ukiachie kifaa na uhakikishe kwamba hakifiki magotini, kwa kuwa ugwe mrefu hujizungusha miguuni au kwenye gurudumu la baiskeli.

Angalia pia kifaa kinaelekea wapi kinapokuwa kimening'inia. Baadhi vina antena bapa inayofanya kazi vizuri zaidi kifaa kikilala chali, na vingine vina antena ya msokoto inayopendelea kusimama wima. Kitabu cha maelekezo hueleza. Tundu likiwa chini ya kifaa, kitaning'inia kichwa chini, na hilo husaidia kukisoma unapokiinua, lakini huielekeza antena ardhini muda wote wa kutembea. Epuka vibanio vya sumaku na karabina (pete za kufungia zenye kilango kinachojifunga chenyewe) nzito za chuma karibu na dira ya kielektroniki. Havivurugi kipimo cha mahali ulipo, ila vinaweza kuupotosha mshale wa mwelekeo, hivyo dira isawazishwe upya baada ya kubadilisha kifungio.

Kwa wanaokwenda majini, alama ya IPX7 humaanisha kwamba kifaa kimejaribiwa kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Haisemi lolote kuhusu kuelea. Isipokuwa maelekezo yaseme wazi kwamba kinaelea, chukulia kwamba kitazama, ongeza boya dogo, na ufunge ugwe mfupi kwenye jaketi okozi badala ya kuufunga kwenye mtumbwi unaoweza kupinduka na kuchukuliwa na mkondo. Ramani ya karatasi na dira ya kawaida ziwekwe mfuko mwingine kabisa.

Jaribio lifanywe nyumbani. Vaa kila kitu, iname ufunge kamba za viatu, ruka, lala kifudifudi, kisha simama juu ya godoro na ufungue kishikizo kwa makusudi uone kama ugwe unakidaka kifaa. Halafu badilisha betri bila kufungua chochote. Ikiwa haiwezekani, badilisha mpangilio kabla ya kuondoka, kwa sababu betri zinaweza kuisha mvua inanyesha, vidole vimekufa ganzi na upo ukingoni mwa mteremko, na hapo utalazimika kuufungua ugwe wakati unapouhitaji kuliko wakati mwingine wowote.