Kuweka injini ya LS kwenye Camaro ya 1967–1969: anza na miguu

Anayenijia na Camaro ya zamani huanza na swali la nguvu za farasi. Mimi humuuliza kwanza gari litakaa juu kiasi gani kutoka chini, naye hunitazama kana kwamba hatujaelewana. Lakini hilo ndilo swali lenyewe. Kimo cha gari ndicho kinachoamua kama sampu (bakuli la oili chini ya injini) itapona au itagonga, kama propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) itatulia au itatetemeka, na ekzosi itapita wapi. Kimo hicho hutoka kwenye miguu, yaani springi, shokapu na amu. Injini ya LS, yaani V8 ya kisasa ya General Motors (GM), pamoja na sifa zake zote, ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii.

Nililijua hilo kwa kurudia kazi. Mara ya kwanza nilianza na injini: nikaifunga, nikachomelea krosimemba (boriti inayobeba giaboksi), nikapima propela, nikatengeneza ekzosi, nikafurahi. Mwezi uliofuata nikafunga springi fupi, gari likashuka sentimita 5. Sampu ikawa kitu cha kwanza kusalimia kila tuta, na propela ikaanza kuimba kila nilipofika kilomita 90 kwa saa. Nikavunja karibu kila nilichokuwa nimechomelea. Kwa hiyo mpangilio wa hapa chini una sababu.

Hatua ya 1: Chagua injini, nunua na familia yake

LS ya kwanza ilikuja na Corvette ya 1997. Iliitwa LS1: lita 5.7, bloku ya aluminiamu. Kuanzia 1999 pikapu za GM zikapata ndugu zake wa bloku ya chuma, na aliyezagaa zaidi ni LM7 wa lita 5.3. Kwa gari la barabarani, LM7 inatosha kabisa na ni ngumu kuiua. Ubaya wake ni uzito: bloku ya chuma inaongeza takribani kilo 40 puani kuliko ya aluminiamu. Amua sasa, kwa sababu springi za mbele utazinunua kwa kufuata uamuzi huu.

Ukikagua injini iliyotumika, jua ni ya kizazi gani. Kizazi cha 3 kina gurudumu la meno 24 kwenye kranki, linalosomwa na sensa. Cha 4, kwa sehemu kubwa, kina meno 58. Kompyuta ya kimoja haielewi meno ya kingine. Ndiyo maana nasema nunua injini na familia yake: kompyuta, waya zote bila kukatwa, sensa, koili, pedeli ya mafuta kama ni ya umeme, na giaboksi ikipatikana. Injini ya bei rahisi iliyokatwa waya kwa msumeno itakula muda wako mpaka uichukie. Baadhi ya injini za kizazi cha 4 pia zina mfumo wa kuzima silinda 4 gari likiwa halina mzigo. Tapeti za mfumo huo zina sifa ya kuchoka mapema, kwa hiyo sikiliza vizuri kama kuna kugonga kabla hujalipa.

Hatua ya 2: Hakikisha gari limenyooka

Camaro ya miaka hii haina chesisi nzima. Nyuma ni bodi inayojibeba yenyewe, mbele ni fremu fupi iliyofungwa kwa bolti kubwa kupitia raba. Raba hizo zina zaidi ya miaka 50. Zibadilishe zote, na kabla ya kukaza pima mishazari: kona ya kushoto mbele hadi kulia nyuma, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, fremu imekaa upande na hakuna wili alaimenti itakayokuponya. Chunguza kutu sehemu bolti zinapoingia kwenye bodi. Ukiona chuma kinamomonyoka, simama hapo hapo ukitengeneze kwanza.

Hatua ya 3: Miguu

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Mbele, kosa la kiwandani ni la maumbile. Stabu (chuma kinachoshika gurudumu) ni fupi na amu ya juu imefungwa juu mno. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje, ambalo ndilo linalobeba kazi yote, linaegemea nje badala ya kuegemea ndani. Mashabiki wa mbio waliligundua hili zamani, na dawa yao maarufu ina jina la dereva na mtengenezaji wa magari Dick Guldstrand: kutoboa upya matundu ya amu ya juu, chini kidogo na nyuma kidogo ya yale ya awali. Siku hizi unaweza kufikia hapo kwa kununua amu mpya za juu zenye boljointi ndefu, bila kutoboa chochote. Mimi napendelea njia hii. Tundu lililotobolewa vibaya halina msamaha.

Ukitoa springi za koili za mbele, zifunge kwa mnyororo na ushushe amu ya chini polepole kwa jeki. Springi iliyobanwa inaweza kuvunja mkono au zaidi ya mkono. Hapa sitanii.

Nyuma kuna springi za bapa. Mwaka 1967 zilikuwa za bapa moja tu, na shokapu zote mbili zilifungwa mbele ya ekseli. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli ilijikunja na kurukaruka. Kuanzia 1968 shokapu moja ilihamishiwa nyuma ya ekseli ili kutuliza fujo hiyo. Kama lako ni la 1967, usilipe nguvu mpya kabla ya kufunga springi za bapa nyingi na kupanga shokapu mtindo wa 1968. Wapo watakaokushauri kung'oa bapa zote na kuweka amu 4 na springi za koili. Ni kitu kizuri, lakini kwa gari ambalo halitaenda uwanja wa mbio, bapa mpya na shokapu nzuri zinatosha, na sakafu hutaikata.

Kuhusu springi za mbele: ukitoa V8 ya zamani ya chuma ukaweka LS1 ya aluminiamu, pua itapanda. Watu hushangaa gari limekaa kama boti. Agiza springi kwa uzito wa injini mpya. Na maadamu magurudumu yametoka, funga breki za diski. Magari mengi ya miaka hii yalitoka na breki za ngoma mbele, na kuziongezea nguvu za farasi ngoma hizo ni kujitakia makuu.

Hatua ya 4: Fungia kimo

Huu ndio ujanja unaookoa kila kitu kinachofuata. Amua kimo unachotaka, kisha toa springi za mbele na shokapu, uweke mahali pa kila shokapu bomba la chuma lililokatwa kwa urefu ambao shokapu ingekuwa nao gari likiwa limesimama na uzito wake wote. Nyuma fanya hivyo hivyo, ukiacha bapa mahali pake. Sasa gari limeganda kwenye kimo chake halisi ingawa halina injini wala viti. Liweke kwenye stendi imara chini ya amu na ekseli, liwe sawa kwa levo, na usiliguse tena mpaka propela ipimwe.

Hatua ya 5: Jaribisha injini

Tumia bloku tupu yenye hedi, sampu na giaboksi. Unaitoa na kuirudisha mara nne au tano bila kuumiza mgongo. Pleti za kuunganisha mauntingi za LS na zile za zamani zinauzwa tayari, nyingine zikiwa na nafasi ya kusogeza mbele na nyuma.

Sampu ya pikapu ni ndefu mno kwa gari hili. Itaning'inia chini ya krosimemba na kupasuka. Nunua iliyotengenezwa kwa magari haya, kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho ukiangalia fimbo ya stelingi inavyopita chini ya sampu. Kidole kipite popote. Ukibadilisha sampu, bomba la kunyonya oili nalo hubadilika, na oringi yake iwe mpya na ya saizi yake. Oringi ndogo hiyo ikikaa vibaya, pampu inanyonya hewa. Nimeona injini nzima ikitupwa kwa ajili yake.

Matundu ya nyuma ya bloku yanakubali giaboksi za zamani za Chevrolet, isipokuwa tundu moja. Lakini mwisho wa kranki ya LS ni mfupi kwa takribani milimita 10, kwa hiyo ukitaka kubaki na TH350 au TH400 lazima uweke spesa. Otomatiki ya 4L60E inaingia bila vita kubwa. T56 ya gia 6 itakudai kukata na kuinua handaki la sakafu. Bolti za flaiwili zikazwe kwa awamu tatu: Nm 20, 50, kisha 100.

Hatua ya 6: Pembe za propela

Weka kipima pembe nyuma ya giaboksi. Ishuke kuelekea nyuma kwa nyuzi 3 hivi. Kwa kawaida pinioni ya difu (shafti fupi inayopokea propela) ingeinuka kwa kiasi hicho hicho ili mihimili miwili iwe sambamba. Lakini springi za bapa hujikunja unapokanyaga mafuta na pua ya difu huinuka, kwa hiyo anza nayo ikiwa chini kwa nyuzi 2 kuliko sambamba: yaani iinuke nyuzi 1 tu gari likiwa limesimama. Unarekebisha kwa kabari kati ya bapa na ekseli. Kisha pima pembe ya propela yenyewe. Kila jointi ifanye kazi kati ya nyuzi 1 na 3. Usitafute sifuri, kwa sababu beringi za sindano ndani ya jointi zinahitaji kuzunguka kidogo, la sivyo zinajichimbia mashimo.

Kwa urefu, sukuma yoki (ncha ya mbele ya propela) mpaka mwisho ndani ya giaboksi, irudishe milimita 20 hadi 25, upime kati kwa kati ya jointi. Peleka kipimo hicho kwa anayekata na kubalansi propela. Mabomba ya Hatua ya 4 sasa yanaweza kutoka.

Hatua ya 7: Petroli na maji

Karburita iliridhika na presha ndogo. LS inataka psi 58. Weka pampu ndani ya tangi lenye vizuizi vya kuzuia petroli kukimbilia upande mmoja, na tumia filta ya Corvette ya 1999–2003 iliyo na regyuleta ndani: ukiifunga karibu na tangi, inarudisha ziada hapo hapo na unapeleka bomba moja tu mbele. Mpira wa zamani wa petroli hauvumilii presha hii. Weka ule wa sindano za mafuta.

Kwenye rejeta wengi husahau bomba dogo la mvuke linalotoka juu ya hedi. Usilizibe. Lirudishe sehemu ya juu ya rejeta, la sivyo hewa itanaswa kwenye hedi na joto litapanda bila maelezo. Jaza maji pua ya gari ikiwa juu.

Hatua ya 8: Umeme

Makosa yangu mengi ya umeme yalikuwa ethi. Nyaya nene tatu: betri kwa bloku, bloku kwa fremu, hedi kwa bodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae.

La pili: waya ya awali ya koili kwenye Camaro hizi imetengenezwa kupunguza volti. Usilishe kompyuta kwa waya hiyo. Tafuta umeme wa swichi unaobaki hai hata stata inapozunguka, kwa sababu nyaya kadhaa za swichi hufa wakati huo, na matokeo yake ni injini inayozunguka kutwa bila kuwaka. Ikiwaka sekunde mbili na kuzima, hiyo kwa kawaida ni kinga ya wizi ndani ya kompyuta. Anayeipanga upya programu aiondoe, aweke na joto la kuwashia feni.

Geji ya joto ya zamani inapata sensa yake nyuma ya hedi ya kulia, kwenye tundu lililozibwa la nyuzi za M12×1.5.

Hatua ya 9: Kuwasha

Toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu na soketi za koili, zungusha stata kwa sekunde 10, pumzika, rudia mpaka geji ya oili ipande. Isipopanda, kumbuka ile oringi. Baada ya hapo ndipo urudishe plagi, fyuzi na soketi za koili, washa swichi bila stata na uzunguke na tochi ukinusa kila kiungo cha petroli. Kizima moto kiwe mkononi, si kwenye kona ya karakana.

Gari likishatembea, lipeleke wili alaimenti na vipimo vyako mwenyewe, maana vya kitabu viliandikwa kwa matairi ya zamani. Kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) nyuzi +4 hadi +5 kama usukani una pawa, kemba (mlalo wa juu ya tairi, hapa kuelekea ndani) nyuzi −0.5, na matairi yaingie ndani mbele kwa jumla ya milimita 1.5 hadi 3. Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari na spana ya toku: bolti za fremu, yuboliti za springi za nyuma, mauntingi. Bapa mpya hukaa chini kidogo katika kilomita hizo za mwanzo, kwa hiyo pima tena pembe ya pinioni.